ALIENDA LISBON KUONA DHAHABU YA KILWA, UKUNGU UKAMUONYESHA NA MENGINE

Wadau, kuna watu wanaenda Ulaya kupiga picha, na kuna mama mmoja wa Kilwa Masoko alienda Ulaya kutafuta dhahabu. Siyo ya kununua. Ni dhahabu ambayo marehemu mume wake alimsimulia kwa zaidi ya miaka ishirini, na mama wa watu hakuwahi kujua aamini au acheke.

Mzee alikuwa nahodha wa mashua. Kazi yake ilikuwa kuvusha watalii kutoka Masoko kwenda Kilwa Kisiwani kuangalia magofu: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, ile ngome inayoitwa Gereza. Siku moja akapakia Mreno, na katikati ya maji yule Mreno akamwambia kwamba dhahabu ya sultani wa Kilwa ipo kwao Lisbon, imewekwa ndani ya kioo, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama. Mzee akarudi nyumbani na hiyo stori na haikumtoka tena. Mgeni akija, hata chai haijamiminwa, dhahabu imeshaanza. Watoto walikuwa wanakonyezana. Amefariki hajaiona.

Sasa binti yao wa pili yupo Lisbon, huu mwaka wa saba. Wengi wakisikia mtu yupo Ulaya akili inaenda London moja kwa moja, lakini mbele ni kukubwa, watu wamesambaa. Huyu dada alifika Ureno kwa njia zake, akahangaika na makaratasi mpaka yakakaa sawa, akapanga chumba na sebule maeneo ya Chelas, na Januari moja akafanikiwa kumwita mama yake wiki tatu. Kazi? Nyumbani inajulikana yupo benki. Pale mtaani kwao Masoko ukiulizia kwa mama wa benki, hata mtoto mdogo anakupeleka. Hilo neno benki msilisahau.

Dada akaomba ruhusa siku moja, Jumatano, ili amtembeze mama. Ratiba yake yote ilikuwa ya kuangalia kwa juu. Lisbon ni mji wa vilima, wenyewe wanasema vilima saba, na kwenye kila kilima wameacha sehemu ya wazi ya kusimama na kutazama mji. Wanaiita miradouro. Ukisimama pale siku ya jua unaona mapaa mekundu yanashuka mpaka mto Tagus, mto wenyewe mpana kama bahari, halafu daraja jekundu kwa mbali. Zile picha za Instagram mnazoziona zote zinapigwa pale. Dada alikuwa hata ameshamchagulia mama kitenge cha kuvaa juu ya koti ili picha zitoke.

Asubuhi wanafungua pazia, hamna kitu. Nyeupe. Ukungu umepanda kutoka mtoni umekaa juu ya mji kama mtu aliyekuja na mkeka wake kabisa. Jengo la upande wa pili wa barabara halionekani. Dada akataka kuahirisha. Mama akamuuliza, "Ruhusa utapewa nyingine?" Dada kimya. "Basi twende. Dhahabu haiko nje."

Stesheni ya metro ya Chelas kuna mashine. Unanunua kadi ya karatasi ngumu kwa senti 50 za yuro, unaijaza nauli ya masaa 24, siku hizo ilikuwa haifiki yuro 7, na hapo umemaliza. Metro, tramu, mabasi, unapanda na kushuka mpaka uchoke. Waliozoea mwendokasi ya Dar wataelewa haraka, tofauti ni kwamba hapa kadi moja inaingia kila kitu. Mama aliishika ile kadi kama hati ya kiwanja.

"Masaa 24 kuanzia lini?"

"Kuanzia unapoigusisha pale mlangoni, mama."

Mama akaangalia saa ya ukutani. Saa tatu kasoro dakika tano. Akagusisha, mlango ukafunguka. Mtu aliyelea watoto wanne kwa kuuza samaki wa kukaanga, nauli ya masaa 24 anaihesabu dakika kwa dakika.

Laini nyekundu mpaka Alameda, wakabadilisha kwenda laini ya kijani, wakatokea Martim Moniz. Huo ndio mtaa wa watu wa mbali. Maduka ya Wachina, Wabangladeshi wana mitumba na simu, akina mama wa Msumbiji na Guinea-Bissau wananunua bamia na mihogo. Mtaa wa juu yake unaitwa Mouraria, maana yake mtaa wa Wamori, yaani Waislamu walioachwa kukaa pale baada ya mfalme wa Ureno kuuteka mji mwaka 1147. Mama alitembea pale kwa amani kabisa, kuna hata mzee mmoja wa Kibangladeshi alimtolea salamu, akaitikia kwa sauti kubwa kama yupo sokoni kwao.

Martim Moniz ndipo inapoanzia tramu namba 28, ile ya njano maarufu. Ni kigari kidogo cha mbao na chuma, kimeanza kutembea miaka ya 1930, mabenchi yake yanang'aa kwa makalio ya watu wa karibu karne nzima. Kwa kawaida foleni yake ni balaa, watalii wanasimama saa zima. Siku hiyo ukungu uliwafukuza wengi. Walisikia kengele kwanza, halafu taa ikatokea, halafu tramu lenyewe likajitengeneza kutoka kwenye weupe polepole kama mtu anakumbuka jambo.

Mama akapata kiti cha dirishani. Hii tramu inapanda vilima ambavyo basi la kawaida lisingethubutu, inapiga kona kwenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa nyumba ya mtu. Siku ya jua watu wanatoa vichwa nje wanapiga picha za mbali. Siku ya ukungu mbali hakuna. Ulichonacho ni kilicho jirani: nguo zimeanikwa na haziwezi kukauka, bibi kasimama mlangoni na paka, vigae vya bluu ukutani vimelowa. Kila kitu kinakuja mita mbili kutoka usoni kwako halafu kinapotea. Mama alikuwa anaitikia kila kinachopita. "Hee. Hee. Huyu naye kaanika leo."

Walipofika Graça akapanda mwanamke mmoja wa makamo, mweusi, mwenyeji wa Cape Verde, na funguo nyingi kiunoni na fulana ya kazi chini ya koti. Akamuona dada. Akafurahi! Wakapigana mabusu ya mashavuni, wakaongea Kireno cha haraka haraka, yule mama akamshika shikamoo mama yetu kwa mikono miwili bila kujua kama ndiyo shikamoo. Wakati wa kushuka, tayari yupo mlangoni, akageuka akainua vidole vitano hewani akasema kitu. Dada akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Mama alikuwa hajui Kireno. Lakini macho anayo. Ile fulana ilikuwa na nembo kifuani, na nembo hiyo alishaiona, imeanikwa bafuni kwa mwanawe, nyuma ya mlango, imegeuzwa nje ndani.

Hakusema neno. Akageukia dirisha. "Hee," akasema, na safari hii hakuna kilichokuwa kinapita.

Wakashuka Portas do Sol, maana dada alikuwa bado anang'ang'ania ratiba. Hapo ndipo miradouro yenyewe, juu kabisa ya Alfama. Watalii kama kumi wamejipanga kwenye kizuizi, wote wanapiga picha weupe. Wadau, weupe mtupu! Mtu anatabasamu, nyuma yake kama amesimama mbele ya shuka.

"Mwanangu, hapa kuna nini?"

"Kuna mto, mama. Na mapaa. Na kanisa kubwa pale chini, na meli zile kubwa za watalii zinapaki pale."

Mama akaangalia alikoonyeshwa kidole kwa muda mrefu, kwa heshima. "Sawa. Nimeona."

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Kwa siku kumi na moja tangu mama afike alikuwa anatembea kama amebeba yai mdomoni, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Alfama wakaishuka kwa miguu kidogo. Ndiyo sehemu kongwe, jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, linatokana na chemchemi za maji ya moto, ni mzizi ule ule wa neno uliotupa sisi hamamu. Mtetemeko wa ardhi wa tarehe 1 Novemba 1755 ulipokuja, siku ya Watakatifu Wote, watu wengi wapo makanisani na mishumaa inawaka, sehemu kubwa ya Lisbon ililala chini. Halafu mto ukapanda, halafu moto. Alfama ikabaki imesimama na vichochoro vyake. Chini bondeni, Baixa, palijengwa upya mitaa imenyooka kama daftari la hesabu. Ukitoka kwenye vichochoro vya Alfama ukaingia Baixa ni kama umetoka Mji Mkongwe ukatokea Kariakoo.

Na maneno! Mama alikuwa anasoma vibao kwa herufi, anatamka kama Kiswahili, na mara nyingine anapatia. Kwenye mgahawa waliposimama kunywa kahawa, mhudumu akasema kitu kuhusu mesa, mama akageuka: "Amesema meza?" Amesema meza, mama. Bendera ni yao. Mvinyo ni wao. Leso ni yao, parafujo ni yao. Halafu dada akamuonyesha kibao cha Igreja, kanisa, akamwambia wasomi wengi wanasema gereza letu limetoka hapo. Mama akafikiri. Kule Kisiwani ngome ya Wareno mpaka leo inaitwa Gereza. "Kwahiyo walijenga pa kusalia sisi tukapaita pa kufungiwa," akasema, akamalizia kahawa yake. Hakuna profesa angeweza kuiweka hivyo kwa kikombe kimoja.

Kutoka pale wakapanda tramu namba 15 kwenda Belém. Hii ni ndefu ya kisasa, inateleza kandokando ya mto. Katikati ya njia inapita chini ya daraja la 25 de Abril, lile jekundu lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar, halafu likabadilishwa jina baada ya mapinduzi ya 25 Aprili 1974, wanajeshi walipotembea mtaani na maua kwenye bunduki. (Mapinduzi hayo hayo ndiyo yaliyofungua njia ya uhuru wa Msumbiji mwaka uliofuata, kwahiyo hata Nachingwea na Kongwa, walikokuwa wapiganaji wa Frelimo, wanahusika.) Daraja halikuonekana hata nguzo. Lakini milango ya tramu ilipofunguka kituoni likasikika: mngurumo juu kichwani, kama mzinga wa nyuki, matairi ya magari yanapita juu ya vyuma. Mama akainua uso. "Kuna nini juu?" Daraja, mama. "La watu?" La watu. Mama akajikunja kidogo kwenye koti lake. Chombo kikapiga honi mtoni, hakionekani pia, akasema tu, "Pantoni," na dada akawaona watu wote wa Kigamboni wanakimbilia geti.

Belém ndipo alipoondokea Vasco da Gama mwaka 1497. Jina lake lipo kila sehemu Lisbon. Kuna daraja la Vasco da Gama, zaidi ya kilomita 12. Kuna shopping mall ya Vasco da Gama, siyo mbali na anapoishi dada, huwa ananunua mchele pale. Na kaburi lake lipo kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos, ukiingia tu mlangoni. Jiwe jeupe, amelala chali, mikono imekutana kifuani kama anaomba, meli imechongwa ubavuni. Alifia India mwaka 1524, mifupa ikaja kuletwa baadaye.

Hii monasteri wadau ni kitu kingine. Mawe yamechongwa kamba, matumbawe, mimea ya baharini, mpaka unashangaa waliochonga walikuwa mafundi mawe au wavuvi. Na mtu akikuambia imejengwa kwa hela za nani, jibu lipo kwenye historia yao wenyewe: mfalme Manuel wa Kwanza alitenga kodi ya asilimia 5 ya biashara iliyotoka Afrika na Mashariki, ikaenda kwenye ujenzi. Imeandikwa, siyo maneno ya vijiweni.

Mama alisimama pembeni ya kaburi akiwa amefunika kichwa chake vizuri. Alikuwa amejiandaa kukasirika, hilo dada aliliona. Tangu mtoto amesikia habari za huyu mtu. Mwaka 1502 alikuja Kilwa na kundi la meli zenye mizinga, akamtisha mtawala wa mji mpaka akatoa dhahabu ya kodi. Mwaka 1505 wakaja wengine na Francisco de Almeida, wakauteka mji kabisa, wakaupora na kujenga ile ngome. Mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Kwahiyo ukimpeleka mama wa Kilwa kwenye kaburi la Vasco da Gama, usitegemee aweke ua.

Lakini alichosema ni, "Kaburi safi sana. Halina hata vumbi." Akapitisha macho sakafuni, kwenye pembe, chini ya miguu ya simba wa mawe. Anaangalia kama mtu anayekagua. Dada akaanza kuhisi baridi ambayo siyo ya Januari.

Wakala vile vikeki vya Belém, vya mayai na maziwa, ganda linavunjika kama sambusa ya moto, duka lake lipo pale tangu mwaka 1837. Mama alinyunyiza mdalasini mpaka muuzaji akacheka. Halafu basi namba 714, linalorudi mjini kwa njia ya ndani, wakashuka Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale.

Haya. Dhahabu.

Ipo. Mzee hakuwa mwongo. Ni chombo kile ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi wakati wa kuabudu, urefu wake haufiki mita moja, lakini ukisimama mbele yake hautafuti kipimo. Dhahabu tupu na rangi za kioo, bluu, kijani, nyeupe, nyekundu. Mitume kumi na wawili wadogo kama kidole wamepiga magoti kwenye duara, kila mmoja na uso wake. Juu yao kuna njiwa, juu kabisa Mungu Baba ameketi. Kazi hiyo inasemekana ni ya sonara Gil Vicente, na mwenye jina hilo ndiye Wareno wanamwita baba wa tamthilia yao. Na chini kwenye kitako, kuzunguka, kuna maandishi ya herufi ndogo yanayosema wazi: mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Kilwa imeandikwa juu ya dhahabu ya Kilwa, ipo chini ya miguu ya mitume, haijafichwa.

Miaka mingapi watu wanabishana dhahabu ilienda wapi, na yenyewe imekaa imevaa kitambulisho.

Mama alizunguka kile kioo mara tatu. Hakuna ukungu mule ndani. Baada ya siku nzima ya vitu nusu nusu, hiki kilikuwa cha kwanza kuonekana chote. Akatoa simu, akakipiga picha kimoja, akamtumia mdogo wa marehemu kule Masoko bila maneno. Halafu akasogea karibu, akainama, akaangalia kioo chenyewe siyo kilicho ndani.

"Kioo hiki kimefutwa leo," akasema. "Hakina hata alama ya kidole. Na watu wote hawa wanakigusa."

Dada hakujibu.

"Kuna mtu ameamka alfajiri akaja kukifuta."

"Ndiyo, mama."

"Yule mwenzio wa kwenye tramu alikuonyesha vidole vitano. Ndiyo saa tano, siyo?"

Sasa hapa ndipo penyewe. Kwa saa yetu, saa tano ni asubuhi ya mchana kweupe, watu wapo ofisini, benki ipo wazi, kila kitu kinakaa sawa. Angejibu ndiyo, mama angeondoka Lisbon na benki yake nzima. Na mama alishamfungulia mlango kabisa, alichobakiza dada ni kupita tu.

Kabla ya kumlaumu mtu jiulizeni nani alianza. Mtu anatoka hapa, hata mwezi haujaisha simu zimeanza. Unafanya kazi gani? Umeshanunua gari? Ukisema unafanya usafi, kuna watu watacheka, na wanaocheka ndio wanaoomba ada ya mtoto kesho yake. Tunasema watu wanabeba maboksi, tunasema kwa dharau, halafu boksi hilo hilo likituma laki mbili tunalipokea kwa mikono miwili. Ndiyo maana kila mtu mbele ni "supavaiza". Huyu dada hata hakuongopa moja kwa moja. Aliulizwa upo wapi, akasema benki. Alikuwepo benki. Ghorofa sita za benki, kuanzia chini mpaka juu, kila siku kabla wenyewe hawajafika.

"Saa kumi na moja alfajiri, mama," dada akasema. "Wao wakisema saa tano, ni kumi na moja yetu."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Kila siku?"

"Jumapili napumzika."

Kundi la watalii na kiongozi wao likaingia, wakakizunguka kioo, mtu akaweka kiganja. Mama akakiangalia kile kiganja mpaka kilipoondoka na kuacha alama.

"Baba yako," akasema mama, "watu wote wanajua alikuwa na mashua. Mashua ilikuwa ya Mhindi mmoja wa Lindi. Yeye alikuwa analipwa kwa safari. Mpaka tunamzika, kwao Kivinje wanajua ni mashua yake."

Dada alikuwa na miaka thelathini na mbili na hilo hakuwahi kulisikia. Ile mashua aliyojifunzia kuogelea! Iliyoandikwa jina la bibi yake ubavuni!

"Jina si alipaka yeye," mama akasema. "Mhindi alikuwa haji Masoko."

Wakacheka, jamani. Mbele ya mitume kumi na wawili na walinzi wa makumbusho, wakacheka hadi mlinzi akasogea. Halafu dada akalia kidogo, na mama akampa ncha ya kitenge ambacho siku nzima hakikupigwa hata picha moja.

"Sasa kule utasema nini, mama? Wakikuuliza?"

"Si umeniambia upo benki? Nitasema benki. Kwani haupo?"

Waliporudi mjini giza lilikuwa limeshaingia na ukungu umeshuka zaidi, taa za barabarani zimekuwa kama mandazi. Walipita Largo de São Domingos, karibu na Rossio, ambapo Waafrika wa Guinea-Bissau hukutana jioni na akina mama huuza karanga na kola kwenye beseni. Mama alipatana bei kwa vidole na Kiswahili, na akapunguziwa, msiulize vipi. Usiku akapika wali wa nazi ya kopo, akailaumu nazi, akala. Mdogo wa marehemu akapiga simu kutoka Masoko, kelele tupu, watu wamejazana kwake kuiangalia ile picha, mmoja anauliza kama inawezekana kuirudisha, mwingine anauliza ina thamani gani, na mwingine kwa nyuma anauliza yule dada wa benki hajambo?

"Hajambo," mama akasema. "Amelala. Kazi yake ya mapema."

Saa tisa na nusu dada anaamka, anavaa gizani kama kawaida yake ili asimwamshe mtu. Ile fulana haipo nyuma ya mlango. Anakuta imekunjwa juu ya kiti, imegeuzwa upande sahihi, nembo juu. Na mama amekaa sebuleni, koti mwilini, viatu miguuni, kilemba kimefungwa, kakumbatia chupa ya chai.

"Shikamoo. Mama, unaenda wapi saa hizi?"

"Marahaba. Nakusindikiza."

"Metro bado imefungwa, ni basi la usiku. Na wewe utarudije?"

"Kwa basi hilo hilo. Nitahesabu vituo."

"Mama, nje ni baridi, na ukungu bado upo."

Mama akatoa kadi yake mfukoni, akaiangalia, akaangalia saa ya ukutani.

"Hii inaisha saa tatu kasoro dakika tano," akasema. "Bado ina masaa matano."

Wakatoka. Kituoni walikuwepo watu sita, wote wamejikunja, wote weusi au Wabangladeshi, hakuna anayeongea. Taa zikatokea, basi likasimama. Dada akapanda kwanza. Mama akapanda nyuma yake, akaigusisha kadi kwenye mashine, mashine ikalia, taa ya kijani ikawaka, na akamwambia dereva shikamoo.